Pembe za Picha

Katika nyumba za wazee wa Kinubi wa Makina, ndani ya Kibera, aghalabu hukosi sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda, na ndani ya sanduku hilo, chini ya cheti cha ndoa na kanzu isiyovaliwa tena, bahasha ya picha za kale pamoja na negativu zake. Mali hii haina bei sokoni Toi, lakini thamani yake yafahamika na kila Mnubi aliyepata kuulizwa asili yake. Wazee wetu walioletwa na jeshi la King's African Rifles waliukuta hapa msitu, wakauita Kibra, maana yake msitu kwa lugha yao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikawatengea rasmi ardhi ya zaidi ya ekari 4,000. Na hatimiliki ya jamii haikupatikana ila mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288 tu. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyetaka kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati za uchunguzi athibitishe kuwa ni mwenyeji, na kwa watu wa namna hiyo picha ya babu akiwa amesimama mbele ya nyumba yake si pambo la ukutani, bali ni shahidi.

Kwa sababu hiyo nimeona vema nieleze habari ya kipande kidogo cha kioo ambacho wengi hawakijali: lenzi ya mashine ya kukuzia picha.

Katika bahasha yetu imo negativu ya inchi 4 kwa 5, ya arusi, watu kumi na mmoja wamepangwa safu moja uani. Nakala ya karatasi ililiwa na mchwa zamani. Niliipeleka negativu hiyo kwa fundi mmoja mjini aikuze, nikarudishiwa picha ambayo bibi arusi na bwana arusi wametoka dhahiri hata vifungo vyahesabika, lakini kadiri jicho lilivyoelekea pembeni ndivyo nyuso zilivyolegea, na shangazi wa baba yangu, aliyesimama mwisho kulia katika vazi lake la gurbaba, alikuwa kama mtu anayetazamwa kupitia moshi. Nilidhani kosa ni la mpiga picha wa kale. Nilipoitazama negativu yenyewe kwa kioo cha kukuzia juu ya taa, nikamkuta shangazi huyo mzima, hana doa. Aliyempoteza ni lenzi.

Sharti la kwanza katika kuchagua ni urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 50 yatosha filamu ya milimita 35, na ya milimita 80 yatosha negativu ya mraba ya sentimita 6. Lakini negativu ya inchi 4 kwa 5, ukiipima kutoka pembe hata pembe, inakaribia milimita 160, na lenzi iliyo fupi mno haiwezi kufikisha nuru safi katika pembe hizo. Inayofaa ni ya milimita 150. Ipo pia ya milimita 135, na wenye vyumba vya paa la chini huipenda, kwa hoja ambayo kwetu Makina si ndogo: ukitaka picha ya inchi 16 kwa 20, yaani kukuza mara nne, lenzi ya 150 hudai sentimita 94 baina ya negativu na karatasi, na ya 135 hudai 84, na juu ya hapo bado hujaweka taa ya mashine. Palipo na mabati yanayogusa kichwa, sentimita kumi ni nyingi. Hata hivyo rai yangu ni kwamba heri kuishusha meza kuliko kuifupisha lenzi, maadamu lenzi ya 135 huifikia negativu hii kwa shida, na pembe ndizo hulipa gharama.

Sharti la pili ni idadi ya vioo vilivyomo ndani. Lenzi za bei nafuu, mathalan Componar na Rogonar, zina vioo vitatu, nazo hufaa picha ndogo. Zenye vioo sita, kama Componon-S ya Schneider, Rodagon ya Rodenstock na EL-Nikkor ya Nikon, hushika katikati na kando kwa usawa. Baina ya hizo tatu sioni haja ya ugomvi. Afadhali mnunuzi aangalie hali ya ile iliyo mkononi mwake, kwa kuwa karibu zote zauzwa zikiwa zimekwisha tumika: aimulike kwa tochi kutoka nyuma, na akiona nyuzi kama za utando wa buibui ajue ni kuvu, hasa ikiwa imetoka Pwani, na akiona rangi za upinde wa mvua ukingoni, ajue gundi ya vioo imeachana. Vumbi kidogo halidhuru.

Na hata lenzi njema hutaka adabu ya kuitumia. Tundu lake likifunguliwa kabisa, kwenye alama ya 5.6, pembe hulegea. Likifungwa hata 11 hutulia, ingawa muda wa kumulika karatasi huongezeka mara nne. Likifungwa mno, kupita 22, nuru hupinda kwenye kingo za tundu na picha yote hulegea. Kadhalika negativu, lenzi na karatasi viwe sambamba, na negativu ibanwe baina ya vioo viwili, kwani joto la taa huikunja.

Nilipata ya milimita 150, yenye vioo sita, na kazi tukaifanya usiku, maana mchana mabati yana matundu mengi. Katika sinia la dawa, chini ya taa nyekundu, sikuwatazama maarusi. Nilitazama pembe ya kulia. Ilikuja kwanza mikunjo ya gurbaba, kisha uso, kisha nyuma yake ukutani kitu cha mviringo ambacho katika picha ya kwanza kilikuwa kivuli tu: tabaga, kawa letu la kufunikia chakula, na ususi wake waonekana duru kwa duru.

Asubuhi nikampelekea shangazi yangu. Aliikaribisha picha machoni, akaweka ukucha juu ya lile tabaga, akazifuata duru moja moja kutoka katikati, akasema, "Hili ni la mkono wa mama yangu, hakuna mwingine aliyeruka mshono hapa."