Picha ya "kabla na baada": uliza maswali matatu kabla ya kuiga

Msikilizaji wa Chokocho, huenda nawe umetumiwa kwenye simu picha mbili za mtu mmoja: ya kwanza ni mnene, ya pili amepungua hata humtambui. Kisa chake kinaweza kukupa moyo, lakini kwanza jiulize.

Alitumia njia gani? Mwimbaji Peter Msechu alieleza hadharani kwamba aliwekewa puto tumboni katika Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Puto hilo humfanya mtu ashibe kwa chakula kidogo. Huwekwa na daktari, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Anayekunywa dawa za kuharisha akitaka apungue vilevile anapoteza maji, si mafuta.

Miaka ikipita, yukoje? Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu 14 walioshiriki The Biggest Loser, shindano la televisheni la kupunguza uzito, mwaka 2009. Kwa wastani kila mmoja alipungua kilo 58. Miaka 6 baadaye, kilo 41 zilikuwa zimerudi. Miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo anayenenepa tena tusikimbilie kumwita mvivu.

Hali yake ni kama yako? Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge akikata chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Azungumze kwanza na daktari. Mjamzito naye asijaribu kujikondesha.

Na jirani anayekonda bila kukusudia tusimsifu tu kwamba amependeza. Kifua kikuu na kisukari pia hukondesha. Mshauri aende kituo cha afya, au Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani.

Basi tuige nini? Yale yanayoweza kudumu. Punguza vijiko vya sukari kwenye chai. Punguza wali kwenye sahani, ongeza mboga na samaki wasiokaangwa. Safari fupi nenda kwa miguu. Mtu wa kilo 90 akipungua kilo 5 hadi 9 tu, presha na sukari huweza kupata nafuu. Kwenye picha huenda tofauti hiyo isionekane, lakini mwili wake utaijua.