Mboni iliyogoma kusinyaa

Nilitoka kliniki ya macho saa saba mchana, mboni zimetanuka kama za paka gizani. Pale Iyunga, barabara kuu iendayo Tunduma ilikuwa inawaka: mabati ya maduka, vioo vya malori, hata vumbi. Meseji ya mke wangu ilinishinda kuisoma. Konda akanisomea: "Mzee, mama anasema usisahau mkaa."

Yote hayo ni kazi ya matone mawili ya tropikamidi, dawa ya kutanua mboni.

Irisi, lile duara lenye rangi linalozunguka mboni, ina misuli miwili. Mmoja umeizunguka mboni kama kamba ya mdomo wa mfuko, mwingine umetandazwa kama spoku za baiskeli. Mwanga ukiwa mkali, neva humwaga asetilikolini kwenye msuli wa duara. Kemikali hiyo hushika vipokezi vyake, kalsiamu hupanda ndani ya seli, msuli hukaza, na mboni husinyaa hadi milimita 2 hivi. Gizani neva hupoa. Kimeng'enya huivunja asetilikolini iliyobaki, kalsiamu hushuka, msuli hulegea. Noradrenalini nayo huvuta zile spoku, na mboni huweza kufika milimita 8.

Tropikamidi haisukumi kitu. Hukalia kipokezi bila kukiamsha, kama abiria aliyekalia kiti chako akasinzia. Asetilikolini inafika, haina pa kukaa. Msuli wa kuona karibu nao hulegea vivyo hivyo, ndiyo maana simu ilinishinda. Sisi wenye macho meusi dawa huchelewa kutushika na huchelewa kututoka, kwani rangi ya irisi huinasa na kuiachia kidogo kidogo.

Kinyume chake hutokea shambani. Anayepiga dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, bomba likimvujia mgongoni, anaweza kuletwa hospitali mboni zikiwa kama tundu la sindano, mate yakimtiririka, kifua kimejaa. Sumu imekizuia kile kimeng'enya. Asetilikolini inarundikana na msuli haupati nafasi ya kulegea. Hapo huchomwa atropini, inayokalia viti vilevile kama matone yangu. Ila daktari hapimi dozi kwa kutazama macho. Anaweka kipimo kifuani na kusikiliza, anaongeza, anasikiliza tena, mpaka mapafu yakauke.