Je, Wajua? Vivinjari vingi ni ndugu wa tumbo moja

Kwenye kompyuta na simu za Android, Chrome, Edge, Opera na Brave vinatofautiana sura na madoido. Ndani vyote vinaendeshwa na Chromium, msingi ambao Google iliuweka wazi mwaka 2008. Firefox ina injini yake, Gecko. Kwa hiyo ukurasa ukikugomea kwenye Chrome, kuhamia Edge mara nyingi ni kazi bure, jaribu Firefox. Mwenye bando la kuungaunga namshauri Opera Mini: ukiwasha kiokoa data, seva zake huubana ukurasa kwanza, ndipo unashuka kwenye simu ukiwa mwepesi. Na ile hali fiche? Haihifadhi historia kwenye simu yako, basi. Kampuni inayokuuzia bando bado inaweza kuona tovuti unazotembelea.