Niliondoka Tanzania saa nne, nikafika Msumbiji saa tatu!

Na Mwandishi Wetu, Madimba

KUNA mtu ataniambia nilikunywa uraka nikachanganya saa. Hapana ndugu yangu, nilikuwa mkavu kabisa. Niliondoka upande wa Tanzania saa nne asubuhi, nikakokota baiskeli yangu taratibu juu ya Daraja la Umoja, nikasimama hapa na pale kuchungulia maji, nikafika upande wa pili saa tatu na nusu. Asubuhi ile ile!

Siyo uchawi. Sisi na wenzetu wa Msumbiji tunapishana saa moja. Ikiwa saa nne Mtwara, Maputo ni saa tatu. Kwa hiyo kila anayevuka kwenda kusini anapewa zawadi ya saa nzima, bure, bila ushuru. Kasheshe ni kwamba ukirudi wanakunyang'anya.

Najua vijana wa Dar mna madaraja yenu. Jioni mnakwenda kupunga upepo Daraja la Tanzanite, mnapiga picha, mnarudi. Na tangu Juni 2025 kila mtu anaimba Kigongo na Busisi, daraja la kilometa tatu juu ya Ziwa Victoria. Sawa, hongereni. Letu la kusini lina mita 720 tu, kama robo ya hilo. Lakini letu unalipanda ukiwa Mtanzania nyumbani kwako na kulishuka ukiwa mgeni, na katikati hapo huna hakika wewe ni nani!

KWA NINI SIKUPITA KILAMBO

Wengi mnaijua Madimba kwa mitambo ya gesi. Mimi naijua kwa minazi, mikorosho na bibi yangu. Kutoka kwetu, Ruvuma ni jirani. Ukiondoka na baiskeli alfajiri, unafika Kilambo jua halijawa kali. Ng'ambo unaiona kwa macho. Ila daraja hakuna. Huko karibu na bahari mto ni mpana, mchanga unahama kila msimu, maji ya bahari yanapanda na kushuka, na viboko wana barabara zao humo humo. Watu wanavuka kwa mitumbwi na boti, wakimwomba Mungu.

Bibi alivuka hivyo hivyo katikati ya miaka ya 1960, mama akiwa mgongoni. Vita vya FRELIMO na Mreno vilikuwa vimeanza Septemba 1964, na Wamakonde wengi wa kule walikimbilia huku kwa ndugu zao. Mdogo wake mama, yaani mjomba wangu, alizaliwa huku huku Madimba. Baada ya amani ya mwaka 1992 alirudi kwao, akawa mvuvi Palma. Kila mwaka msimu wa korosho alikuwa akija kwa boti, na samaki wakavu mkononi, na vichekesho tele.

Halafu mambo yakaharibika. Oktoba 2017 vita vingine vikaanza Cabo Delgado. Oktoba 2020 vikatufikia hata sisi: kijiji cha Kitaya, humu humu Mtwara Vijijini, kilivamiwa na watu wenye silaha waliotokea ng'ambo. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mjomba alitoka na nguo aliyovaa, akatembea na wenzake porini, akaibukia Mueda. Vitambulisho vyote viliungua na nyumba.

Bibi hakuwahi kulia mbele yetu. Alichofanya ni kuuliza swali moja kila jioni, "Yule wa majini hajapiga simu?" Mwaka jana mwezi wa saba simu ikaja. Mjomba amepata karatasi zake mpya, yuko tayari kuja, lakini njia ya pwani haitaki tena. Alisema, "Mpwa wangu, mimi boti basi. Nitapita juu, kwenye daraja. Uje unipokee, sijawahi kuliona."

Na mimi nilikuwa sijaliona!

KILOMETA 300 KUZITAFUTA MITA 720

Hesabu yake ni hii. Kutoka Mtwara mjini mpaka Masasi ni kama kilometa 200. Masasi mpaka Mangaka ni 54 hivi. Mangaka mpaka Mtambaswala, ambako ndiko daraja liliko, ni 65 na ushee. Baiskeli yangu Phoenix ilipanda keria ya basi mpaka Mangaka, nikalala gesti. Kesho yake nikachapa mwendo.

Zamani kipande hicho kilikuwa vumbi na mashimo. Sasa ni lami, tena lami yenyewe inateleza. Lakini lami haiondoi vilima, na jua la Nanyumbu halina mchezo na mtu. Nilipita vijiji ambako watoto walinikimbiza wakipiga kelele, nikapita mikorosho, nikapita kimya kirefu ambacho wewe wa Manzese hujawahi kukisikia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko kando ya barabara aliniuliza ninakwenda wapi na baiskeli. Nikamwambia darajani. Akacheka, "Mwanangu, malori yote yanakwenda huko, hukuomba lifti?" Nikamwambia nataka kuliona. Akaninyang'anya hela, akanijazia fungu kubwa kupita nililolipia.

Jua linazama niliingia Mtambaswala, miguu imekuwa uji.

DARAJA LENYEWE

Asubuhi nilipanga foleni uhamiaji, nikagongewa muhuri, nikashika usukani. Nikaamua nisilipande baiskeli nusu ya kwanza. Nilikokota.

Kwa gari daraja hili ni chini ya dakika moja. Dereva anakanyaga, abiria anaangalia simu, mmeshatoka nchini! Kwa miguu ni habari nyingine. Kwanza unasikia upepo. Halafu lori linapita, na daraja linatetemeka chini ya kandambili zako kama ngozi ya ngoma. Halafu kimya, na unaanza kuyaona maji.

Mwezi wa nane Ruvuma umejikunja. Mchanga mweupe umejaa katikati, maji yanapita kwenye mikondo kadhaa, wanawake wanafua upande huu, wengine wanafua upande ule, na nina hakika wanasikilizana wakipigana umbea. Lakini angalia urefu wa daraja, utajua masika panakuwaje. Wajenzi hawakuweka mita 720 kwa ajili ya mikondo ile ya Agosti. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro kule Songea, na hapa karibu na Negomano unapokea mto Lugenda kutoka Msumbiji. Ikikutana mito hiyo miwili imeshiba, usiulize mchanga umekwenda wapi.

Wazo la daraja ni la zamani kuliko wengi wetu. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, Mwalimu Nyerere na Samora Machel walitaka nchi zao ziunganishwe hapa. Samora mwenyewe mwezi Mei mwaka ule alivuka Ruvuma akitokea Tanzania, akaanza ile safari yake ya kushuka nchi nzima mpaka Maputo. Fedha hazikuwepo, kisha Msumbiji ikaingia vita vya ndani, kisha Samora akafa katika ajali ya ndege Oktoba 1986. Ujenzi ulianza mwaka 2005, mkandarasi akiwa Mchina, na tarehe 12 Mei 2010 Rais Kikwete na Rais Guebuza wakalifungua. Miaka 35! Mtoto aliyezaliwa siku wazo linatolewa alilivuka akiwa na watoto wake.

Nilipofika katikati nikaegemeza baiskeli kwenye ukingo. Nikafikiria waliopita eneo hili kabla ya zege. Livingstone alipita mwaka 1866, akitokea Mikindani kwetu. Mwezi Novemba 1917 Mjerumani von Lettow-Vorbeck, akikimbizwa na Waingereza, aliingia Msumbiji hapa na kuwavamia Wareno waliokuwa Negomano. Aliwanyang'anya bunduki, risasi na dawa. Vitabu vinamtaja yeye. Askari weusi na wapagazi waliobeba mizigo yake kichwani ndani ya maji, majina yao hayajulikani. Na miaka ya 1960 vijana wa FRELIMO waliuvuka mto huu kwenda kupigana, usiku, wakati bibi yangu alikuwa amekuja upande huu.

Wote hao walilowa. Mimi nimesimama juu, mkavu, nakula ming'oko!

MJOMBA AGOMA KUTAZAMA CHINI

Nilimkuta Negomano, kakaa juu ya begi, kakonda, ndevu zimeingia mvi. Nikampa shikamoo. Hakuitika. Alinishika mabega, akanigeuza huku na huku kama anayekagua samaki sokoni, akasema, "Umekuwa mrefu bure, hata baiskeli umeshindwa kuipanda?" Nikajua ndiye.

Alipomaliza karatasi zake nikamwambia apande nyuma kwenye keria. Akakataa. Alitaka kutembea. Basi tukaenda, begi lake kwenye keria, mimi nakokota, yeye pembeni.

Jamani, mjomba huyu ni mtu wa maji. Ameendesha mashua usiku wa kusi. Lakini hatua kama mia moja darajani akashika ukingo, uso umebadilika. Nikamuuliza, "Vipi mjomba?" Akasema, "Maji nayajua nikiwa ndani yake. Toka huku juu siyajui." Akatazama mbele tu, mpaka katikati. Hapo akasimama. Akaniuliza mpaka uko wapi hasa, kwenye nguzo ipi. Nikamwambia sijui, chagua yoyote. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akanisimulia jinsi Palma ilivyokuwa, kwa maneno machache ambayo sitayaandika hapa. Lori lilipita, tukanyamaza, daraja likatetemeka. Likatulia. Tukaendelea.

Ile saa moja niliyopewa asubuhi wakaichukua. Hakuna aliyeijali.

Siku mbili baadaye tuliingia Madimba. Bibi alikuwa chini ya mwembe. Alimshika masikio mwanawe, yote mawili, akayavuta kama wanavyovutwa watoto watundu, akamuuliza mbona amechelewa chakula.

UKITAKA KUJARIBU

Beba pasipoti au hati ya dharura ya safari, usije na maneno matupu. Uliza mapema mpaka unafungwa saa ngapi, na kumbuka pande zote mbili hazisomi saa moja. Sikiliza kwanza habari za usalama wa Cabo Delgado. Hali ikiwa mbaya, kaa nyumbani, daraja halihami. Ukitaka kupiga picha waombe kwanza askari. Baiskeli iwe na pampu, viraka na solusheni, maana kati ya Mangaka na Mtambaswala fundi ni wewe mwenyewe. Maji mengi, kofia, na hela ndogo ndogo. Usihofu kuhama upande wa barabara: Msumbiji nao wanaendesha kushoto kama sisi.

Nanyi madereva wa malori, nina ombi. Mkifika pale punguzeni mwendo. Daraja hili lilijengwa kwa ajili ya biashara, sawa, na mizigo yenu ipite salama. Lakini pembeni pale wanapita watu wenye mabegi vichwani, wengine wamengoja miaka kuvuka. Wapeni nafasi wafike.