Gitaa, kompyuta na treni ndogo: Hobi moja huita nyingine

UKIMWONA Rod Stewart jukwaani, nywele zimesimama wima na kipaza sauti mkononi, huwezi kudhani kwamba saa chache kabla ya shoo alikuwa amejifungia chumbani akipaka rangi madirisha ya nyumba ndogo kuliko kiatu chake.

Lakini hivyo ndivyo mwanamuziki huyo wa Uingereza alivyoishi kwa miaka mingi. Kila alipokuwa kwenye ziara aliomba hoteli impe chumba cha ziada cha kufanyia kazi. Mchana gundi na brashi, usiku muziki.

Mwaka wa 2019 aliwaonyesha wasomaji wa jarida la Railway Modeller kile alichokuwa akikijenga kwa miaka 23. Ni mji mzima wa Marekani wa miaka ya 1940, wenye maghorofa, viwanda, madaraja na treni zinazopita katikati. Mji huo ulijaza ghorofa ya juu ya nyumba yake mjini Los Angeles, urefu wake takriban mita 38 na upana mita 7.

Mtangazaji mmoja wa redio alipodokeza kwamba pengine staa huyo aliwalipa watu wamjengee, Stewart alipiga simu studioni kujitetea. Alisema takriban asilimia 90 ya kazi ni ya mikono yake. Sehemu iliyomshinda ni ya umeme, na hiyo alimwachia mtu mwingine.

Wengi wetu tukisikia kuna mtu mzima anayecheza na treni ndogo, tunamfikiria mzee mpweke asiye na shughuli. Ukiwaangalia kwa karibu utapata mambo ni tofauti. Huyu ni mwanamuziki, yule anachora katuni, mwingine anaandika programu za kompyuta. Treni ni mahali tu ambapo vipaji hivyo vyote hukutana.

Kwa kijana wa siku hizi anayeambiwa kila kukicha kwamba muda usioleta doo ni muda uliopotea, habari zao zina funzo.

Nairobi kwenye meza

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Kipimo kinachopendwa sana duniani huitwa HO. Kila kitu hupunguzwa mara 87. Mtu wa kimo cha kawaida anabaki na sentimita 2 tu. Matatu ya abiria 14 inakuwa na urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, inatoshea kiganjani.

Reli ya SGR, ambayo upana wake ni milimita 1,435, ukiigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5. Huo ndio upana wa reli za HO zinazouzwa madukani ng'ambo. Ile reli yetu ya zamani ya mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi 1899, ingekuwa na milimita 11 na nusu. Na jumba la KICC, lenye urefu wa takriban mita 105, lingesimama mita 1.2 juu ya meza yako.

Ukitaka kuijenga stesheni ya Nairobi kwa kipimo hicho, reli zenyewe hazitakutosha. Utahitaji useremala, uchoraji, waya na picha za zamani za kukuonyesha paa lilikuwa na rangi gani. Ndiyo maana anayeingia kwa sababu ya treni huishia kuwa na hobi tano bila kupanga.

Baba, mwana na kitufe

Neil Young ni gwiji wa muziki wa rock kutoka Canada. Mwanawe Ben alizaliwa na mtindio wa ubongo, hali inayomzuia kuongea na kutumia viungo vyake kama watu wengine. Baba alipenda treni tangu utotoni, akajenga reli kubwa ndani ya ghala katika shamba lake huko California ili wacheze pamoja.

Tatizo likawa moja. Mtoto angeendeshaje treni ikiwa mikono yake haiwezi kuzungusha vidude vya kuongeza na kupunguza mwendo?

Young hakukubali mwanawe awe mtazamaji tu. Pamoja na mafundi alianza kutafuta njia, wakatengeneza kifaa chenye kitufe kikubwa ambacho Ben angeweza kukibonyeza na kuifanya treni itii.

Kazi hiyo haikuishia ghalani. Katika miaka ya 1990 Young alishirikiana na mwenye kampuni ya Lionel, mtengenezaji maarufu wa treni za kuchezea aliyeanza kazi New York mwaka wa 1900, kuunda mfumo mpya wa kuendesha treni kwa rimoti isiyo na waya. Zamani umeme ukipita kwenye reli, treni zote zilizo juu yake zilisonga pamoja. Kwa mfumo huo mpya kila treni ilipokea amri yake peke yake. Mwaka wa 1995 Young alijiunga na kundi la wawekezaji lililoinunua Lionel yenyewe.

Sikio la mwanamuziki nalo halikulala. Young alijihusisha pia na sauti za treni hizo, ili honi na mvumo wa injini visikike kama vya treni halisi.

Hapo ndipo unaona kwamba muziki, umeme na mapenzi ya mzazi havikuwa mambo matatu tofauti. Vyote viliingia kwenye kitufe kimoja.

Vijana wa chini ya meza

Sasa twende chuoni MIT, nchini Marekani. Mwaka wa 1946 wanafunzi walianzisha klabu ya treni ndogo iitwayo Tech Model Railroad Club. Kufikia miaka ya 1950 klabu hiyo ilikuwa na watu wa aina mbili.

Wa kwanza walipenda kilicho juu ya meza. Walipaka rangi mabehewa, wakajenga milima na kusoma historia ya reli. Wa pili walijali kilicho chini ya meza: waya, swichi na relei zilizoamua treni ipi ipite wapi. Walitumia vifaa vya simu vilivyotolewa msaada, hata vile vidude vya kuzungusha namba, kuendeshea treni.

Vijana hao wa chini ya meza walikuwa na neno lao. Ukitengeneza kitu kwa ujanja na ustadi, kwa raha tu ya kukitengeneza, waliita hiyo 'hack'. Mwanachama mmoja, Peter Samson, aliandika kamusi ya maneno ya klabu mwaka wa 1959. Kwa hivyo leo ukisikia neno 'hacker', kumbuka kwamba watu wa treni ndogo walilitumia kwa sifa, kabla halijaanza kutisha wenye akaunti za benki.

Kompyuta zilipofika chuoni, vijana hao walizivamia. Si kwamba mwalimu aliwatuma. Waliona swichi nyingi kuliko walizowahi kuota, basi wakaenda kucheza. Samson aliifanya kompyuta ipige muziki wa Bach, wakati ambapo watu wazima walidhani mashine hiyo ni ya hesabu tu.

Mwaka wa 1962 Steve Russell na wenzake walikamilisha Spacewar!, mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta, ambapo vyombo viwili vya angani hupigana kwenye skrini. Swichi za kompyuta zilikuwa zinawachosha viwiko, kwa hivyo Alan Kotok na Bob Saunders, wote wa ile klabu ya treni, wakaunda visanduku vya kushika mkononi vyenye swichi. Wewe unayecheza FIFA na mabeshte wikendi, hapo ndipo penye babu wa pedi uliyoishika.

Hakuna aliyewalipa kwa hayo. Na kama mtu angewaambia waache mchezo wafanye jambo la maana, sijui tungekuwa tunacheza nini leo.

Trombone na bustani ya maua

Huko California, Ward Kimball alikuwa mchoraji katuni wa studio ya Walt Disney. Ndiye aliyemuumba Jiminy Cricket, yule nyenje wa filamu ya Pinocchio ya mwaka wa 1940. Baada ya kazi alipiga trombone na kuongoza bendi ya jazz ya wafanyakazi wa studio, Firehouse Five Plus Two.

Alikusanya pia treni za kuchezea, lakini hazikumtosha. Mwaka wa 1938 alinunua kichwa cha treni halisi cha mvuke, akakiweka nyuma ya nyumba yake na kukijengea reli. Majirani walikuwa na kazi.

Bosi wake naye aliambukizwa. Mwaka wa 1950 Walt Disney alimaliza reli ya takriban mita 800 kuzunguka boma lake mjini Los Angeles. Kichwa chake cha treni, chenye ukubwa wa moja ya nane ya treni halisi, alikiita Lilly Belle, kwa jina la mkewe Lillian. Wageni walikaa juu ya mabehewa na kuzungushwa. Ili kutoharibu maua ya mama huyo, Disney alichimba njia ya chini kwa chini ipite chini ya bustani.

Miaka 5 baadaye bustani ya burudani ya Disneyland ilifunguliwa, na treni ya mvuke iliizunguka yote.

Kutoka disko hadi Wunderland

Kama unadhani hizo ni hadithi za kale, njoo Ujerumani. Mapacha Frederik na Gerrit Braun walikuwa wakiendesha klabu ya disko mjini Hamburg. Mwaka wa 2000 Frederik alikuwa akitembea jijini Zurich, Uswisi, akapita kwenye duka la treni ndogo. Ndoto ya utotoni ikafufuka. Alimpigia ndugu yake simu kumwambia wajenge reli kubwa zaidi duniani.

Agosti 2001 walifungua Miniatur Wunderland. Leo ina zaidi ya treni 1,000 na reli zenye urefu wa zaidi ya kilomita 16. Kila baada ya dakika chache taa hubadilika, mchana ukawa usiku. Magari madogo ya zimamoto hutoka mbio kunapozuka moto wa kuigiza. Tangu 2011 kuna hata uwanja wa ndege ambapo ndege huruka na kutua.

Ukifikiri kidogo utaona uzoefu wa disko haukupotea. Taa zinazocheza, umati unaohitaji kuburudishwa, na yule bro wa kushughulikia mitambo nyuma ya pazia: ni kazi ileile, ila wanaocheza sasa ni wa sentimita 2.

Na wewe wa bedsita?

Utasema, "Sawa, lakini hao wana pesa na nafasi." Ni kweli. Mchezo huu ni ghali, na si rahisi kupata treni za HO madukani hapa Kenya. Stewart alikuwa na ghorofa nzima. Wewe una kitanda, meko na ndoo ya maji.

Lakini wale wa MIT walianza na vifaa vya simu vya kupewa. Na hapa kwetu, watoto wengi walitengeneza magari ya waya na mikebe kabla ya kujua bei ya chochote. Ujuzi ulikuwepo, sema tuliuacha tulipoambiwa tumekuwa wakubwa.

Katoni, rula, gundi na wembe vinatosha kujenga duka la mtaani kwenu kwa kipimo cha 1:87. Pima mlango, gawanya kwa 87, kata. Ukikwama kwenye picha, fika Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971, uvitazame vichwa vya treni vya mvuke vilivyohifadhiwa hapo. Kama unapenda kupiga picha, tayari una hobi ya pili. Kama beshte wako anajua umeme, ya tatu ni yake, na hakuna aibu kumwachia. Hata Stewart alifanya hivyo.

Pia usianze kwa kuuliza itakulipa lini. Young alitaka tu mwanawe acheze. Vijana wa MIT walitaka swichi zaidi. Wengine walipata kampuni, wengine hawakupata senti, lakini hakuna hata mmoja aliyejua mwanzoni hobi ile ingempeleka wapi.

Unachokipenda pembeni ya kazi au masomo, kiwe gitaa, katuni, kodi za programu au katoni, kina njia zake za kujuana na vingine. Kazi yako ni kuvipa meza moja, hata ikiwa ni ile unayolia chakula.