Je, wajua? Useja katika nchi ya chai

Kwa mila ya Wakipsigis wa Kericho na Bomet, nchi ya chai ya Kenya, nyumba haikuachwa bila mrithi. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake, akatoa mahari, na watoto wakawa wa nyumba yake. Mtume Paulo angewashangaza wazee wa Kipsigis: katika 1 Wakorintho 7 anasifu kutooa, ingawa anakiri hana amri ya Bwana kuhusu mabikira (7:25). Ndoa nayo haidharau. Kila mtu na karama yake. Nao useja wa mapadre wa Jimbo Katoliki la Kericho, lililoundwa 1995, ni sheria ya Kanisa la Kilatini tu. Mtume Petro mwenyewe alikuwa ameoa, kwani alikuwa na mama mkwe (Marko 1:30).