Mafuta Yakipanda, Je, Hisa za Kawi Nazo Hupanda?

Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA hutangaza bei ya mafuta, na kuanzia Ruiru hadi Makongeni kila mtu hushika roho. Septemba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64 kwa lita. Bei zikipanda hivyo, wengi huuliza: mbona na mimi nisinunue hisa za kampuni za kawi nifaidike?

Swali ni poa. Lakini kabla hujatoa pesa kwa simu, elewa mambo matatu.

1. Kawi si kitu kimoja

Hapa Thika kuna mtambo wa Thika Power, megawati 87, unaochoma mafuta mazito. Mafuta yakipanda duniani, gharama hiyo hukufikia wewe kupitia tokeni za stima. KenGen nayo hutegemea zaidi mvuke wa Olkaria na mabwawa ya Mto Tana, kwa hivyo ukame unaweza kuiumiza kuliko vita vya Ghuba. Na vituo vya petroli? EPRA huwawekea kikomo cha faida kwa kila lita. Mafuta kupanda si lazima wavune zaidi.

2. Hisa hupanda, hisa hushuka

Mwaka 2006 Wakenya walijaa kununua hisa za KenGen kwa shilingi 11.90. Mwanzoni bei ilipaa. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu shilingi 2. Hisa 500 zilizonunuliwa kwa shilingi 5,950 zilibaki na thamani ya kama 1,000, bila kuhesabu gawio. Upande mwingine, 2019 Rubis ya Ufaransa ilinunua KenolKobil kwa shilingi 23 kila hisa, na wenye hisa wakatabasamu. Zote ni kampuni za kawi, lakini hadithi ni mbili tofauti.

3. Pesa hii utaihitaji lini?

Kama ni ya kodi au karo ya muhula ujao, usiipeleke kwenye hisa. Mfuko wa soko la fedha unafaa zaidi, maana unaweza kuitoa kwa siku chache. Kama unaendesha boda pale Theta, mafuta tayari yanakugusa kila siku. Ukiweka shilingi 50 kwa siku, mwezi una 1,500 za kukusukuma bei ikibadilika. Anza na hiyo, hisa zifuate baadaye, na usiweke zote kwa kampuni moja.

Chunga matapeli

Bei ya mafuta ikivuma, huja vikundi vya WhatsApp vinavyoahidi "faida ya uhakika" kila wiki. Uwekezaji wa kweli hauna ahadi kama hiyo. Angalia kwanza kama kampuni ina leseni ya CMA. Ukiambiwa utume pesa kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Na PIN yako ni yako peke yako.